SOMO: Ualimu sekondari (stashahada) chuo cha serikali. Anza na masomo, chuo baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maswali huwa yale yale, basi nayajibu hapa mara moja. Hii ni stashahada ya miaka miwili, vyuo vya serikali Tanzania Bara, kwa waliomaliza kidato cha sita. Ualimu wa msingi na wa awali una utaratibu wake, usiuchanganye humu.

1. Kusanya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne na sita. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kama hayafanani, anza kushughulikia leo.

2. Jua masomo yako mawili ya kufundishia. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu. Sifa ni daraja la kwanza hadi la tatu PAMOJA na prinsipo mbili katika masomo ya kufundishia. Wengi huishia kwenye "daraja la tatu" wakashangilia. Prinsipo ni A mpaka E. S si prinsipo. Piga hesabu: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, kwa masomo matatu ya tahasusi (mchepuo uliosoma kidato cha tano na sita). Mwenye C, S, S ana pointi 15, daraja la tatu, na hana sifa, maana prinsipo anayo moja tu. Mwenye E, E, S ana pointi 16, kwa macho kafanya vibaya zaidi, lakini huyo ana prinsipo mbili.

Zile mbili nazo ziwe za masomo yenye vipindi kidato cha kwanza hadi cha nne. Uchumi ni somo la kidato cha tano na sita. Mtu wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) ategemee Historia na Jiografia. Wa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), Hisabati na Jiografia. Ukiwa na EGM na Hisabati ikakuletea S, umebaki na Jiografia peke yake, hata kama Uchumi una A. GS (maarifa ya jumla) na BAM (hisabati tumizi ya msingi) usivihesabu popote.

3. Sasa ndiyo uchague chuo. Vyuo havifundishi masomo yale yale: Kleruu ya Iringa ina jina kwa sayansi, Butimba ya Mwanza kwa sanaa, muziki na michezo. Tazama tangazo la Wizara ya Elimu la mwaka huo, angalia masomo yako mawili yako wapi, ndipo ujaze maombi mtandaoni. Kuchagua chuo kwa sababu kiko karibu na kwa shangazi ni kubahatisha.

4. Ukichaguliwa, fomu ya kujiunga: chapisha, daktari ajaze, nunua vilivyoorodheshwa.

5. Darasani, kila somo lina maudhui na mbinu za kulifundisha. Usidharau mbinu. Juu yake kuna saikolojia, misingi ya elimu na upimaji. Mtihani wa mwisho ni wa NECTA (Baraza la Mitihani).

6. Mazoezi ya kufundisha (BTP). Faili liwe na azimio la kazi (mpango wa mada za muda mrefu), andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja), nukuu za somo na zana. Kipindi ni dakika 40. Kosa kubwa liko kwenye lengo: "mwanafunzi aelewe usanisinuru". Utampimaje kuelewa? Andika "ataje mahitaji manne ya usanisinuru": mwanga, maji, kabonidayoksaidi, klorofili. Hapo unajua nani kapata na nani kakosa. Kosa la pili ni utangulizi wa dakika 15, ziwe tano. Fomu ya andalio hubadilika mtaala ukibadilika, chukua inayotumika kwenye shule uliyopangiwa.

MASWALI

chaki_nyeupe: Mkuu nina PCB, BAM nimepata S. Naweza kuchukua Hisabati na Fizikia?
– Hatua ya 2, sentensi ya mwisho.

chaki_nyeupe: Lakini S si kufaulu?
– Ni kufaulu. Si prinsipo. Na hata hivyo BAM si Hisabati ya tahasusi. Tazama Fizikia, Kemia na Biolojia, wapi una prinsipo mbili.

mto_ruvu: Naomba namba ya mtu wa chuoni anisaidie kuingia.
– Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Anayekudai hela ya "kusaidia" ni tapeli.

binti_wa_pwani: Shikamoo mwalimu. Nina HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), Kiswahili na Kiingereza vimekaa vizuri. Andalio naandika kwa lugha gani?
– Marahaba. Swali zuri. Kipindi cha Kiswahili, kila kitu Kiswahili. Masomo mengine mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo andalio na nukuu zake ni Kiingereza. Wewe utaishi na mafaili mawili ya lugha mbili. Tumia majalada ya rangi tofauti, la sivyo utachanganya asubuhi.

fundi_kemia: Shule za BTP nyingine hazina litmasi ya kupimia asidi na besi. Mnafanyaje?
– Rosela. Vijiko viwili vya maua makavu, kikombe cha maji ya moto, dakika kumi, chuja. Ndimu itafanya rangi iwe nyekundu zaidi, maji ya majivu yataigeuza kuwa ya kijani.

fundi_kemia: Majivu ya mkaa au ya kuni?
– Ya kuni. Koroga na maji, acha yatuame, chukua maji ya juu. Chovya kwenye rosela vipande vya karatasi ya kuchujia na uvikaushe kivulini, maana ile ya maji huota ukungu baada ya siku chache.

binti_wa_pwani: Naiweka kwenye chupa ya soda?
– Hapana. Wataiona juisi na wataimaliza kabla ya kipindi.