Gari la Kwanza kwa Mkopo: Anza na Rejesho, Yadi Baadaye

Wengi wanaonifuata kuomba ushauri huwa wameshalipenda gari. Wamepita yadi moja barabara ya Bagamoyo, wameona Toyota IST nyeupe inang'aa, wameacha kianzio ili asije mwingine akaichukua, ndipo wanauliza mkopo unapatikana wapi. Nimekaa kwenye dawati la mikopo miaka tisa hapa Dar es Salaam, na sasa ninawasindikiza wanunuzi yadi. Naomba ugeuze mpangilio huo.

Hatua ya 1: Jifunze kulipa kabla hujakopa

Kadiria rejesho la mwezi, ongeza mafuta ya kwenda na kurudi kazini kwa foleni zetu, bima, sevisi na maegesho. Kiasi hicho kiweke pembeni kila mwezi kwa miezi mitatu, bila kukigusa. Ukishindwa mwezi wa pili, gari hilo bado ni kubwa kwako. Ukiweza, umeshapata sehemu ya kianzio.

Hatua ya 2: Uliza riba inapigwaje

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu. Unakopa milioni 12 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka. Wakopeshaji wawili wanaweza kukutajia asilimia hiyo hiyo na deni likatofautiana sana.

Wa kwanza anapiga riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Riba inafika milioni 4.32, rejesho ni 680,000 kwa mwezi. Wa pili anapiga riba kwenye salio linalobaki, nalo hupungua kila unapolipa. Rejesho linakuwa kama 599,000, na riba yote haizidi milioni 2.4. Tofauti ni karibu milioni 2, na hakuna aliyekudanganya.

Basi usiulize asilimia peke yake. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, jumlisha mwenyewe, kisha ongeza ada ya mkopo na bima ya mkopo. Uliza pia ukitaka kumaliza mapema unatozwa nini. Asiyetaka kukupa jedwali, mwache. Na mkopeshaji awe na leseni inayotambuliwa na Benki Kuu. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali, haifai hata kwa pikipiki, sembuse gari.

Hatua ya 3: Sasa nenda yadi, na fundi wako

Fundi wako, si yule uliyemkuta pale. Nenda asubuhi na ugome kuwashiwa gari kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, kuna mtu amelipasha injini, na injini iliyopashwa huficha mlio na moshi wa kuwaka kwa baridi.

Inua kapeti, nusa, angalia reli za viti chini. Kutu na tope kavu pale ni dalili kwamba gari limewahi kuingia maji, na mvua za jiji hili tunazijua. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Kilometa za dashibodi zisikutulize, maana hurudishwa. Usukani na pedali zilizolika husema zaidi. Kisha liendeshe kwenye foleni, AC imewashwa, ukitazama geji ya joto.

Hatua ya 4: Makaratasi

Namba ya chesi kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi ya usajili wa gari, herufi kwa herufi. Uwe na TIN na kitambulisho cha NIDA. Gari lenye namba tayari, kagua faini za trafiki na madeni ya maegesho. Gari jipya kutoka bandarini, yadi waandike kama bei imejumuisha ushuru na usajili wa TRA.

Dada mmoja niliyemsindikiza alikuta kadi ina jina la mtu ambaye yadi haikuweza kumleta. Aliambiwa "yupo safarini". Tuliondoka. Aliumia, maana alishalipenda gari, lakini hela yake ilibaki benki.

Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na malipo yapite benki.

Hatua ya 5: Bima

Mkopeshaji atadai bima kubwa. Ile ndogo hulipa hasara ya wengine tu; gari lako likiibwa, deni linabaki lako.

Hatua ya 6: Siku ya rejesho la mwisho

Mara nyingi jina la mkopeshaji huwa kwenye kadi. Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni wiki hiyo hiyo, uende nayo TRA jina lake litolewe. Nimeona waliochelewa miaka miwili, wakapata mteja wa gari, kadi ikawakwamisha.