Jinsi ya Kufuatilia Habari za Chuo Kikuu cha California kupitia Magazeti ya Wanafunzi

Anza kwa kutambua kwamba Chuo Kikuu cha California, kilichoanzishwa mwaka 1868, ni mfumo mmoja wa umma wenye kampasi 10, ambapo karo ya msingi huamuliwa na bodi ya juu iitwayo Regents, ilhali mambo kama mabweni husimamiwa na kampasi yenyewe. Kwa hiyo jiulize kwanza habari unayoitafuta ni ya ngazi ipi.

Kisha tafuta gazeti la kampasi husika: Los Angeles wana Daily Bruin, Davis wana The California Aggie, na Berkeley wana Daily Californian. Kabla ya kuliamini, chunguza ni nani anayeligharimia na ni nani anayemteua mhariri, kwani uhuru wa gazeti, kwa maoni yangu, hupimwa hapo kuliko penginepo. Daily Californian, lililoanza mwaka 1871, lilijitenga na chuo mwaka 1971 kufuatia mgogoro uliozushwa na tahariri kuhusu People's Park, kiwanja cha chuo mjini Berkeley kilichogombaniwa na wanaharakati.

Habari ya nyongeza ya karo ilinganishe na kumbukumbu za vikao vya Regents, ambazo huwekwa wazi kwa umma.