Somo: Kupunguza kelele na milio ndani ya gari la umeme la spoti

Gari la petroli lina stara moja: injini yake inafunika aibu za vitu vingine vyote. Iondoe ile ngurumo, utaanza kusikia tairi, upepo, klipu ya dashibodi, hata funguo mfukoni mwako. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye petroli kuingia kwenye umeme, wiki ya kwanza anadhani ameuziwa gari bovu.

Gari ninalofundishia ni Tesla Roadster ya kwanza, ile ya 2008 hadi 2012. Yalitengenezwa kama 2,450 tu dunia nzima, na bodi na chesisi zake ziliunganishwa na Lotus huko Hethel, hapa Norfolk, Uingereza, ninakofanya kazi kwenye gereji ndogo. Chesisi ni ya alumini, asili yake Lotus Elise, gari dogo la spoti la Kiingereza, na bodi ni ya nyuzi za kaboni. Uzito wake ni kama kilo 1,235, na kwa gari la umeme huo ni wepesi wa kushangaza. Halikuundwa liwe kimya, kwa hiyo usitake kuligeuza sebule. Ukiweza kuongea na abiria kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa bila kupaza sauti, umefaulu.

Hatua ya 1: Usinunue kitu. Sikiliza.

Hapa ndipo nilipoliwa. Mteja alileta gari lenye mlio nyuma ya kiti cha abiria, tiki-tiki-tiki, kila akipita barabara yenye viraka. Mimi na ujuaji wangu nikaagiza shuka za butili, ule mpira mzito unaonata wa kuua mtetemo, nikavua viti, nikabandika sakafuni na ukuta wa nyuma, siku mbili nzima. Kurudi barabarani: tiki-tiki-tiki. Na jambo la kunitia wazimu, kila nikimpakia mwenzangu aje kunisaidia kusikiliza, mlio unapotea!

Kumbe ni ulimi wa mkanda wa abiria. Kiti kikiwa kitupu, ule ulimi wa chuma unaning'inia na kugonga plastiki ya pembeni. Mtu akikaa, anaufunga, kimya. Dawa yake ilikuwa kipande cha kitambaa cha kujibandika, saizi ya stempu.

Basi fanya hivi. Toa kila kitu garini: sarafu, miwani, waya wa kuchajia, jeki. Endesha barabara laini, kisha mbovu, kwa mwendo uleule. Kelele ikipanda na kasi hata kwenye lami laini, ni upepo au tairi. Ikija kwenye mashimo tu, kuna kitu kimelegea. Kutofautisha upepo na tairi, ziba mianya ya milango na kioo cha mbele kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ukimwachia dereva mlango mmoja wa kutokea, rudia njia ileile. Pakitulia, ulikuwa upepo. Na anayesikiliza asiwe anayeendesha. Yeye ndiye abonyeze dashibodi na paneli kwa kiganja, moja moja, mpaka mlio ukatike.

Hatua ya 2: Tairi

Kuanzia kilomita 50 kwa saa hivi, kelele kubwa kwenye gari la umeme ni ya tairi. Roadster ilitoka na tairi za 175/55 R16 mbele na 225/45 R17 nyuma, za spoti, mpira unaonata. Pima upepo tairi zikiwa za baridi; ukizidisha, kila kokoto utalihisi kwenye uti wa mgongo. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi mbele na nyuma: ukihisi meno kama ya msumeno, tairi imelika vibaya na italia hata ukibandika nini ndani. Pima elaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kabla ya kununua nyingine.

Angalizo: zile desibeli zilizoandikwa kwenye lebo ya Ulaya ni kelele inayosikika nje, kando ya barabara. Hazikuambii utakachosikia ukiwa ndani.

Hatua ya 3: Raba na paa

Paa la Roadster ni la turubai, unalikunja kwa mkono. Raba zake zikikauka, upepo unapiga mluzi. Safisha kwa maji ya sabuni, kausha, paka grisi ya silikoni kidogo. Usipake Vaseline wala oili. Mafuta yanayotokana na petroli huvimbisha na kulegeza raba za aina nyingi. Kupima, bana noti mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kusumbua, pale hapabani.

Hatua ya 4: Ndani ya madigadi

Vikokoto vikirushwa na tairi vinasikika kama mtu anapiga sufuria. Inua gari kwenye sehemu za jeki zilizoainishwa tu, weka stendi, vua tairi na plastiki ya ndani. Osha, kausha, pangusa kwa spiriti. Bandika butili ya milimita 2 upande wa nyuma wa plastiki, usioguswa na matope, uikandamize kwa kirola mpaka ishike yote. Huna haja ya kufunika kila mahali: robo hadi nusu ya eneo, katikati ya paneli, inatosha kuua mtetemo. Gonga kwa kifundo cha kidole: kabla inalia "ngo", baada inajibu "du". Ukisikia "du", acha. Kila shuka ya ziada ni uzito.

Kwenye kaboni yenyewe usitegemee makubwa. Butili inang'ara kwenye bati jembamba. Kaboni tayari ni ngumu. Na usizibe matundu ya kutolea maji: kaboni, alumini na maji vikikaa pamoja, alumini ndiyo inayoliwa.

Hatua ya 5: Vidogo vidogo

Nyaya zinazogonga zifunge kwa utepe wa kitambaa, ule wa mafundi umeme wa magari. Plastiki mbili zinazosuguana, weka felti katikati. Usitoboe chesisi, imeunganishwa kwa gundi. Na nyaya nene za rangi ya chungwa usizisogeze, usizifungie kitu: zinabeba zaidi ya volti 300.

Maswali yenu

*Nairobi: Nina Nissan Leaf kutoka Japani. Ikifika 80 inavuma kama ndege. Niweke butili sakafuni?*

Bado. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya 2016. Mara nyingi gari linaingia na tairi zilizokwisha kuwa mawe. Kisha sikiliza kwenye kona pana. Mvumo ukizidi unapokata kulia, shuku bearingi ya gurudumu la kushoto, na kinyume chake. Bearingi haitibiwi kwa butili, ndugu yangu. Halafu Leaf ina betri chini ya sakafu. Jeki isiguse pale kabisa.

*Dar: Sponji ya godoro haifai? Butili bei yake si mchezo.*

Inafaa kwa majaribio. Tandika hata blanketi nyuma ya viti, uendeshe, usikie kama kuna tofauti, kisha liondoe. Ila usiiache sponji ya godoro humo, inanyonya maji, na kwa unyevu wa Dar utapata ukungu, harufu na kutu. Tafuta sponji ya vitundu vilivyofungwa: ikamue ndani ya ndoo ya maji, iliyo sahihi inatoka kavu ndani.

*Muscat: Na ule utepe mweusi wa kuzibia paa za nyumba?*

Mwingi ni wa lami. Gari likishinda juani huko kwenu utanuka na kuteleza, na kuubandua ni adhabu. Uliza kama ni butili kabla ya kulipa.

*Mombasa: Gari langu linatoa sauti ya "uuu" nikitoka polepole maegeshoni. Naizimaje?*

Hiyo imewekwa makusudi. Ulaya, kuanzia Julai 2021, kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti mpaka kilomita 20 kwa saa, watu wa miguu wasikie, hasa wasioona. Iache. Ikisikika mno ndani, angalia raba ya boneti na ya milango kama imekaa vizuri.

*Arusha: Yule mteja wa ulimi wa mkanda, ulimtoza siku mbili?*

Nilimtoza ile stempu. Butili niliiacha humo humo, kilo sita na ushei, kwa gharama yangu.