Kumwuliza kocha wa hoki wa Uholanzi kuhusu penalti kona

Usimwandikie "nitumie mazoezi yako." Atakutumia ya zulia la nyasi bandia lililomwagiwa maji, na vijana wako wanacheza kwenye vumbi la Eastlands, Nairobi. Rekodi kwanza video ya penalti kona yenu. Mimi huegemeza simu kwenye ndoo kando ya goli, dakika 2 tu, siku tukipata nafasi kwenye uwanja wa hoki wa City Park. (Ndoo iwe tupu. Simu yangu ya kwanza ilizama.) Mtajie aina ya uwanja, umri wa wachezaji, magongo mangapi mnagawana. Kisha uliza jambo moja: kijana anayeusukuma mpira kuanzisha penalti kona, pale kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka nguzo ya goli, aanze na mguu upi mbele? Nawe mweleze mnavyotuliza mpira unaorukaruka. Kwao hauruki hivyo.