Kipimo cha miezi mitatu kikiwa kizuri, macho yapelekwe vilevile

Kazi yangu ni maabara, hapa Mbeya mjini. Majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa wenye kisukari, kile watu wanachokiita kipimo cha miezi mitatu, napitia kila siku, na mtu akiona asilimia 6.5 anatoka anacheka. Simkatazi. Namuuliza tu: daftari lako la sukari linasemaje?

Basi anza na daftari. La shule linatosha: tarehe, sukari ya asubuhi kabla ya kula, sukari ya saa mbili baada ya chakula, na ulichokula. La baba yangu mdogo, mkulima wa mpunga na kakao kule Kyela, lilikuwa na 10.8 asubuhi (kwa mmol/L, kama mashine za nyumbani zinavyosoma), 13.2 baada ya wali, kesho yake 11.5. HbA1c yake ikatoka asilimia 6.5. Haiingii akilini. HbA1c ya 7 huendana na wastani wa sukari wa karibu 8.6, mwenye wastani wa 11.8 hutarajiwa kupata kama 9.

Shida huwa kwenye damu yenyewe. Kipimo kile huangalia sukari iliyonata kwenye seli nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi siku kama 120. Zikifa mapema hazijapata muda wa kubeba sukari ya kutosha, kwa hiyo jibu linashuka na sukari iko palepale. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda seli nyekundu, unaweza kuleta hali hiyo. Ni wa kurithi, huwapata zaidi wanaume, na umeenea kwenye jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi. Mtu wa Kyela hahitaji kuelezwa malaria ni nini. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari wenye asili ya Afrika na kasoro hiyo ya jeni wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuharibika macho. Namba nzuri humfanya daktari aone hakuna haja ya kuongeza dawa.

Namba zikipishana, mpe daktari daftari na umuulize kuhusu kupima G6PD na selimundu, ambayo nayo hufupisha maisha ya seli nyekundu. Mwambie pia kama umeongezewa damu karibuni, maana hilo nalo huvuruga majibu. Kipimo kisipopatikana, daftari hilohilo linaweza kumwongoza. Dawa usiache wala usiongeze mwenyewe. Ukigundulika una upungufu wa G6PD, andika kwenye jalada la daftari, kwa wino mzito, na useme kabla ya kupewa primakwini, dawa ya malaria inayoweza kuvunja seli nyekundu za mwenye upungufu huo.

Sasa macho. Mwenye kisukari aina ya pili anatakiwa kuangaliwa macho mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka, kwa sababu sukari inaweza kuwa imekaa mwilini miaka bila kelele. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mtu anaweza kuzisoma zote huku mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho, inavuja. Sema wazi: "Naomba niangaliwe nyuma ya jicho, kwa dawa ya kupanua mboni." Matone huwasha kidogo, unasubiri kama nusu saa, halafu kwa saa kadhaa maandishi ya karibu hayasomeki na jua la mchana linaumiza. Pikipiki iache nyumbani. Vaa kofia, na uje na mtu wa kukushika mkono kwenye ngazi. Kabla hujaondoka, jibu la kila jicho na tarehe ya kurudi viandikwe kwenye daftari lilelile.

Miwani ya kupimiwa usinunue sukari ikiwa inapanda na kushuka, hata muuzaji wa Mwanjelwa akubembeleze vipi. Lenzi ya jicho hubadilika na sukari. Ikitulia wiki chache, miwani ile haikufai tena.

Ukiona ghafla vidoa vyeusi vinaelea, kivuli kama pazia, au jicho moja limefifia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, hata kama haliumi.