Jinsi ya kuomba fedha za haraka za Umoja wa Ulaya kwa kazi ya amani nchi jirani, ukiwa Arusha

Miaka kadhaa iliyopita, machafuko yalipopamba moto nchi jirani, tulichapa andiko la kuomba fedha usiku kucha. Asubuhi nikapanda bodaboda na bahasha ya kaki hadi getini makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilipoteza nauli tu, maana fedha tulizokuwa tunazitafuta haziko pale. Ukikaa Arusha, mji yalikosainiwa makubaliano ya amani ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000, ni rahisi kudhani kila jambo la amani lina ofisi yake kati ya mnara wa saa na AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa.

Mfuko ninaouzungumzia ni wa Umoja wa Ulaya (EU). Ulianza kwa kanuni ya tarehe 26 Februari 2001, baada ya wakubwa wa Ulaya kuona kwamba njia zao za kawaida za kutoa fedha ni ndefu mno: msaada ulifika nyumba imeshaungua. Wakati ule mradi haukutakiwa kuzidi miezi 6. Sheria ilibadilishwa mwaka 2007, ikabadilishwa tena 2014, na tangu 2021 fedha hizi ni dirisha la mwitikio wa haraka ndani ya chombo kikubwa cha fedha za EU kiitwacho Global Europe. Dirisha hilo lilitengewa takriban euro bilioni 3.2 hadi 2027. Siku hizi mradi wa dharura unaweza kwenda miezi 18, na ukikwama kwa sababu za kweli unaongezewa miezi 6, mara mbili tu, bila kuongezewa fedha.

Zinalipia kazi za kiraia: usuluhishi, mazungumzo ya wazee na vijana, redio za jamii, ufuatiliaji wa haki za binadamu, msaada kwa mahakama na polisi wa kiraia. Chakula na mahema vina mlango mwingine, kwa hiyo usivichanganye kwenye andiko lako.

Anza na makaratasi ya nyumbani

Hapa ndipo asasi nyingi zinaangukia, na wala si Ulaya inayoziangusha. Toa cheti chako cha usajili, usome ngazi. Sheria ya NGO ya mwaka 2002 inasajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kama cheti kinasema mkoa wa Arusha, huwezi kuahidi kufanya kazi Rumonge, Burundi, au Uvira, Kongo. Anza mchakato wa kubadilisha ngazi sasa, wakati hakuna anayekukimbiza.

Halafu weka katika faili moja katiba, namba ya mlipakodi, orodha ya wajumbe wa bodi na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi anayetambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Linganisha jina herufi kwa herufi katika cheti, katiba na akaunti ya benki. Asasi moja niliyoisaidia ilikuwa na jina kamili kwenye cheti na kifupisho benki. Ili kurekebisha, benki ilitaka muhtasari wa kikao cha bodi wenye saini ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa msibani Karatu. Zilikatika siku 11 kwa ajili ya herufi 5.

Jisajili kwenye mfumo

Fungua akaunti kwenye tovuti ya EU ya ruzuku na zabuni, sajili taasisi, upate namba ya tarakimu 9 ya kuitambulisha taasisi yako, iitwayo PIC. Ni bure. Atakayekudai hela ya "kukuunganisha" ni tapeli.

Usisubiri tangazo

Ruzuku nyingi hutangazwa, watu wakashindana. Hizi za dharura kwa kawaida hazitangazwi, kwa sababu sheria za fedha za EU zinaruhusu kumpa mtu ruzuku moja kwa moja pale penye mgogoro. Maana yake ni kwamba ukisikia habari za mradi, mara nyingi mwenzako ameshasaini. Inabidi ujulikane kabla.

Ujulikane na nani? Na ofisi ya ubalozi wa EU katika nchi yenye mgogoro. Ofisi ya Dar es Salaam inashughulikia Tanzania na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mradi wa Burundi unaanzia Bujumbura, wa Sudan Kusini unaanzia Juba. Kuna pia timu ya kanda iliyopo Nairobi, chini ya idara ya EU inayosimamia fedha hizi, na kwetu Nairobi ni safari ya basi kupitia Namanga. Tuma barua pepe ya aya tatu, uombe kikao. Ukiandikia Bujumbura au Kinshasa, andika Kifaransa. Kiingereza kizuri hakitakusaidia kwa afisa anayefanya kazi zake zote kwa lugha nyingine.

Andiko dhana

Huu ni muhtasari wa wazo la mradi wako. Andika kurasa mbili au tatu, basi. Afisa anatafuta majibu machache, na la kwanza ni kwa nini sasa. "Kuna umaskini" si jibu, maana umaskini ulikuwepo mwaka jana. Jibu ni kwamba uchaguzi uko miezi minne mbele, au wakimbizi wameanza kurejea na mashamba yao yana watu wengine. La pili ni nani kule anakuamini. Taja baraza la wazee, parokia, chama cha wavuvi, watu ambao wakipigiwa simu watalijua jina lako. La tatu, mradi wako unaweza kumdhuru nani? Ukiwakutanisha mahasimu hadharani, nani atarudi nyumbani usiku akiwa hatarini? Nimesoma maandiko mengi yaliyoliruka swali hili, na kwa maoni yangu ndilo linalomtofautisha msuluhishi na mwandaaji wa semina.

Eleza pia wiki nne za kwanza zitakuwaje. Kama mwezi wa kwanza ni kuajiri na kununua samani, hiyo si dharura.

Kama asasi yako ni changa, kuna njia fupi zaidi: ingia chini ya shirika kubwa. Mwenye ruzuku anaweza kugawa fedha kwa vikundi vingine, kwa kawaida hadi euro 60,000 kila kimoja. Mimi ningeanzia hapo bila aibu yoyote.

Bajeti

Ripoti huandikwa kwa euro, kwa kiwango cha kubadilisha fedha kinachotolewa na Tume ya Ulaya kila mwezi na kuitwa InforEuro, wala si kiwango cha duka la kubadilishia fedha. Gharama za uendeshaji wa ofisi hazizidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Ukiomba zaidi ya euro 750,000 utadaiwa ripoti ya mkaguzi wa nje. Fikiria mapema utathibitishaje malipo ya mwenye boti wa Ziwa Tanganyika asiye na kitabu cha risiti: tengeneza fomu yako ya malipo yenye saini, tarehe, namba ya simu na shahidi.

Baada ya kusaini

Kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ufikishwe kwa Msajili wa NGO na Hazina ndani ya siku 10. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, la sivyo kila mtu atadhani mwenzake ameshapeleka.

Mkataba utakutaka pia uweke nembo ya EU kwenye kila kitu. Pale ambapo nembo ya mfadhili inaweza kumfanya mtu aonekane kibaraka, unaweza kuruhusiwa usiiweke. Omba ruhusa hiyo kwa maandishi kabla hujachapisha fulana.