Namna ya Kuchagua Hatamu kwa Farasi Asiyependa Kuguswa Kichwa

Farasi anayerusha kichwa juu akiona hatamu, yaani ile mikanda anayovishwa kichwani ili aongozwe, anayejisugua uso kwenye nguzo akivuliwa, au asiyetaka masikio yake yaguswe, mara nyingi ana mahali panapomuuma. Kabla ya kutoa pesa, mwite daktari wa mifugo amkague meno na masikio. Magego ya juu ya farasi hufanya kingo kali upande wa nje, na mkanda wa pua ukikazwa, shavu husagwa kwenye kingo hizo mpaka likatoka vidonda. Hapo hata hatamu ya bei ghali haifui dafu. Wapo pia farasi wanaotikisa kichwa hata wakiwa huru malishoni, hasa majira ya jua kali. Hao shida yao huenda ni ya neva, si ya mikanda.

Meno yakiwa sawa, chukua futikamba ya fundi cherehani upime: kutoka pembe moja ya mdomo, kupitia nyuma ya masikio, hadi pembe ya pili, paji la uso kutoka nyuma ya sikio hili hadi nyuma ya lile, kisha mzunguko wa pua, sentimita 3 au 4 chini ya ncha ya mfupa wa shavu. Usitegemee lebo. Saizi za viwanda hazifanani, na farasi wengi huhitaji kipande cha saizi hii na kingine cha saizi ile. Muuzaji anayekubali kubadilishana vipande ana faida kuliko anayekupunguzia bei.

Kazi kubwa iko kwenye mkanda wa kichwani, ule unaopita nyuma ya masikio. Ngozi ya hapo ni nyembamba na mfupa uko karibu. Katika hatamu nyingi, kamba nyembamba ya mkanda wa pua hupita chini ya mkanda huo, na ikikazwa huchimba kisogo. Tafuta hatamu ambayo kamba hiyo imeshonewa kwenye mkanda wenyewe au inapita juu yake, na mkanda uwe na upana wa sentimita 4 au zaidi, umekatwa kwa mkunjo kufuata mashina ya masikio. Sponji nene isikudanganye: mkanda ukiongezwa unene bila kuongezwa urefu, unabana zaidi.

Ukishamvalisha, pitisha kidole cha shahada chini ya mkanda huo, kutoka shina la sikio la kushoto hadi la kulia. Kiteleze bila kukwama. Kikikwama nyuma ya sikio, usikimbilie kulaumu mkanda wa kichwani. Tazama ule wa paji. Ukiwa mfupi, huuvuta mwenzake mbele mpaka ukakalia shina la sikio. Kosa hili limejaa mabandani, na dawa yake ni kununua kipande kimoja tu, kirefu zaidi kwa sentimita 2 au 3. Hakikisha pia hakuna bizimu inayokaa kati ya jicho na sikio, maana kiungo cha taya kiko hapo na hucheza kila farasi anapotafuna.

Mkanda wa pua upimwe juu ya mfupa wa pua, vidole viwili vipite. Ukipima pembeni, nyama hubonyea na kukupa jibu la uongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima farasi 750 wa mashindano: asilimia 44 walikazwa hata kidole kisipite, na asilimia 7 tu ndio walioachiwa vidole viwili. Ukishuka mno, mkanda huangukia sehemu laini ya pua na kuzuia pumzi, na farasi hapumui kwa mdomo. Akifanya kazi vizuri bila mkanda huo, utoe kabisa.

Mkanda wa koo uache nafasi ya ngumi. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, itokeze kama nusu sentimita kila upande wa mdomo.

Chagua ngozi laini inayokunjika mkononi. Nailoni yenye kingo ngumu huchubua. Ngozi mpya hutanuka, kwa hiyo kagua matundu tena baada ya wiki moja. Jasho likikaukia juu yake hukakamaa kama ubao, basi ifute kwa kitambaa kibichi kila baada ya kazi na uianike kivulini.

Siku ya kwanza mvalishe bila lijamu kwa dakika 10, akiwa ametulia. Akiizoea, mpande nusu saa, umvue, kisha kagua nyuma ya masikio na juu ya pua: nywele zilizokatika, uvimbe, au mahali anaponywea ukipagusa. Ukiona alama, legeza mkanda mmoja tundu moja, umpande tena. Ukilegeza miwili kwa pamoja hutajua ni upi uliokuwa ukimuumiza.